Kutoka meza ya klabu hadi mashindano ya dunia: mwongozo kamili wa mchezaji wa mpira wa meza anayetaka kucheza kimataifa

Mwanasoka anaweza kuonekana na wakala akiwa uwanjani na maisha yake yakabadilika ndani ya msimu mmoja. Mchezaji wa mpira wa meza hana njia hiyo. Mlango wa mashindano makubwa hufunguliwa na nafasi yake katika orodha ya ubora ya dunia, na nafasi hiyo hujengwa kwa pointi zinazopatikana katika mashindano maalumu tu, kisha pointi hizo hufutwa baada ya miezi kumi na miwili. Kwa maoni yangu, wachezaji wengi wa Afrika wenye mikono mizuri hukwama kwa sababu mbili ambazo hazihusu kipaji: hawakufundishwa mapema jinsi orodha hiyo inavyojengwa, na hawakupata mahali pa kucheza mechi ngumu wiki baada ya wiki. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa mchezaji, mzazi au kocha ambaye tayari ana mchezo wa kiwango cha taifa na anataka kujua cha kufanya baada ya hapo.

Hatua ya kwanza: ielewe ngazi kabla ya kuipanda

Mchezo huu husimamiwa na Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza, ITTF, lililoanzishwa mwaka 1926 na ambalo makao yake yako Lausanne, Uswisi. Tangu mwaka 2021, mashindano ya kulipwa ya mwaka mzima huendeshwa na WTT (World Table Tennis), kampuni iliyoundwa na shirikisho hilo. Ngazi ya chini kabisa kwa wakubwa huitwa Feeder, ikifuatiwa na Contender, Star Contender, Champions, na juu kabisa Grand Smash. Vijana wana mfululizo wao, wenye makundi ya umri wa chini ya miaka 11, 13, 15, 17 na 19, na mtoto anayeanza huko akiwa na miaka kumi na mitatu hufika kwenye mashindano ya wakubwa akiwa tayari ameshazoea safari, waamuzi, ukaguzi wa raketi na hofu ya ukumbi mkubwa.

Pointi za mchezaji ni jumla ya matokeo yake manane bora ndani ya mwaka, na orodha huchapishwa upya kila wiki. Kwa utaratibu wa sasa, bingwa wa Grand Smash hupata pointi 2000, wa Champions 1000, wa Star Contender 600, wa Contender 400 na wa Feeder 125. Tofauti hizo huwavutia wengi kukimbilia ngazi za juu, lakini tazama kinachotokea ndani yake: mchezaji anayefika robo fainali ya Contender hupata pointi 70, yaani pungufu ya zile anazopata bingwa wa Feeder, huku akiwa amepambana na wapinzani wa kiwango cha juu zaidi. Anayetolewa raundi za mwanzo hupata pointi chache mno, na gharama ya safari ni ile ile. Hivyo swali la kujiuliza kabla ya kila safari ni moja: kwa kiwango changu cha leo, nina uwezekano wa kushinda mechi ngapi pale? Mchezaji aliye nje ya mia tatu bora ataijenga nafasi yake kwa Feeder zilizochaguliwa vizuri, mashindano ya bara na Contender zilizo karibu na nyumbani, kuliko kwa kwenda kupigwa kwenye mchujo wa mashindano yenye majina makubwa.

Usisahau mechi za wawili wawili. Orodha ya wawili ni tofauti, ushindani wake huwa mwepesi kidogo katika ngazi za chini, na mashindano ya WTT huruhusu wachezaji wa nchi mbili tofauti kuungana. Mchezaji wa nchi isiyo na wachezaji wengi anaweza kupata mwenzake kutoka nchi jirani, wakafanya mazoezi pamoja mara kadhaa kwa mwaka na kupanda kwa kasi ambayo asingeipata akiwa peke yake.

Hatua ya pili: panga mambo yako na shirikisho la taifa

Mchezaji hajiandikishi mwenyewe kwenye mashindano ya WTT wala ITTF. Jina lake hupelekwa na shirikisho la nchi yake, na shirikisho lisilo na hadhi nzuri mbele ya ITTF au lililo katika mgogoro wa uongozi linaweza kumzuia kijana asicheze hata kama tiketi ya ndege ipo mkononi. Kwa hiyo, kabla ya kufikiria Ulaya, nenda ofisini ukiwa na barua. Uliza ni nani hasa anayeshughulikia usajili wa mashindano kwa njia ya mtandao, na umwombe akuonyeshe tarehe za mwisho za kila shindano unalolitaka. Peleka orodha yako ya mashindano ya nusu mwaka kwa maandishi, ukiweka wazi ni nani atalipia safari, kwa kuwa mashirikisho mengi huogopa kuandikisha jina na baadaye kutozwa faini mchezaji asipotokea. Ukijiondoa, jiondoe mapema na kwa maandishi pia.

Jambo la pili la kutunzwa hapa ni uraia wa kimichezo. Sheria za ITTF za kuhama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ajili ya mashindano ya dunia ni kali, na muda wa kusubiri huongezeka kadiri mchezaji anavyokuwa mkubwa. Mzazi anayehamia nje na mtoto, au mchezaji anayeahidiwa pasipoti na klabu, asitie saini chochote kabla ya kuzisoma sheria hizo, maana uamuzi wa kijana wa miaka kumi na saba unaweza kumfungia mashindano ya dunia kwa miaka mingi.

Hatua ya tatu: jenga mchezo unaostahimili mechi za nje

Bingwa wa taifa mara nyingi hushinda nyumbani kwa sevu, yaani mipira ya kuanzisha, mbili au tatu ambazo wenzake hawajawahi kuzizoea. Nje ya nchi sevu hizo husomwa ndani ya seti moja. Anachohitaji ni mapokezi thabiti ya sevu, shambulio la mpira wa tatu, yaani pigo lake la kwanza baada ya sevu yake kurudishwa, linalotoka pande zote mbili za raketi, na miguu inayoweza kurudia kazi hiyo kwa seti tano au saba. Mazoezi ya mipira mingi, ambapo kocha hulisha mpira baada ya mpira kutoka kwenye kapu, ndiyo njia ya bei nafuu zaidi ya kujenga uwezo huo mahali penye washirika wachache wa mazoezi. Kocha makini na kapu la mipira bora hufanya kazi kubwa kuliko ukumbi wa kifahari.

Rekebisha sevu yako iwe halali bila shaka yoyote. Mpira urushwe juu kutoka kwenye kiganja kilicho wazi, angalau sentimeta 16, na usifichwe kwa mkono wala mwili. Waamuzi wa mashindano ya ndani huwa wapole katika jambo hili, na mchezaji anayeadhibiwa mara mbili mfululizo katika mechi yake ya kwanza ya kimataifa huvurugika kabisa.

Wanaofanya mazoezi Nairobi au sehemu nyingine za miinuko wana jambo la ziada. Hewa ya juu ni nyepesi, hivyo mpira haupotezi kasi sana wala mzunguko wake hauupindishi sana kama ufukweni. Mchezaji anayeteremka kwenda Lagos au Tunis afike siku tatu au nne mapema ili mkono uzoee upya urefu wa mpira.

Hatua ya nne: tafuta klabu, kwa sababu klabu ndiyo kambi yako

Hapa ndipo penye uzito wa safari nzima. Tazama wachezaji wa Afrika waliofika mbali. Quadri Aruna, aliyekulia mji wa Oyo nchini Nigeria, alicheza ligi ya Ureno akiwa na Sporting ya Lisbon, kisha Bundesliga, ligi kuu ya mpira wa meza ya Ujerumani, akiwa na klabu ya Fulda. Mwaka 2014 alifika robo fainali ya Kombe la Dunia na ITTF ikamtangaza mchezaji bora wa kiume wa mwaka. Mwaka 2016 mjini Rio de Janeiro alimtoa Timo Boll wa Ujerumani na kuwa Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya Olimpiki kwa mchezaji mmoja mmoja. Na mwaka 2022 aliingia kumi bora ya dunia. Omar Assar wa Misri, aliyecheza robo fainali za Olimpiki za Tokyo na Paris, naye amepita katika klabu za Ulaya. Funke Oshonaike, mwanamke aliyeshiriki Olimpiki saba akiiwakilisha Nigeria, aliishi na kucheza Ujerumani. Hata nje ya Afrika hali ni hiyo hiyo: Hugo Calderano wa Brazili aliondoka nyumbani Rio akiwa kijana mdogo, akaenda hatimaye kwenye kituo cha Ochsenhausen kusini mwa Ujerumani, na mwezi Aprili 2025 akashinda Kombe la Dunia mjini Macao, mchezaji wa kwanza kutoka mabara ya Amerika kufanya hivyo.

Sababu ni rahisi kuiona. Ligi humpa mchezaji mechi ngumu karibu kila wikendi, washirika wa mazoezi wa kiwango chake au zaidi, mahali pa kulala, na kituo cha kuanzia safari za mashindano ya Ulaya kwa treni badala ya ndege ya mabara mawili. Isitoshe, klabu haitegemei orodha ya dunia. Fan Zhendong na Chen Meng, mabingwa wa Olimpiki wa mwaka 2024, walijiondoa kwenye orodha hiyo mwezi Desemba mwaka huo huo wakilalamikia faini za kutoshiriki mashindano ya lazima, na Fan akaenda kucheza Bundesliga akiwa na klabu ya Saarbrücken.

Usianze kwa kuandikia klabu za daraja la kwanza. Ujerumani na Ufaransa zina madaraja mengi, na klabu za daraja la tatu, la nne na hata la tano hutafuta wachezaji wa kigeni ambao watacheza wikendi na kusaidia kufundisha watoto siku za kawaida. Malipo yake ni ya kawaida tu, mara nyingi chumba, nauli na posho ya kila mechi, lakini hapo ndipo mlango ulipo. Andaa barua fupi kwa Kiingereza, na kama utapata msaada, kwa Kijerumani au Kifaransa. Ambatanisha video za mechi mbili nzima, moja uliyoshinda na moja uliyoshindwa na mchezaji mzuri. Kocha wa klabu huziamini mechi nzima kuliko mkusanyo wa mipira mizuri. Taja nafasi yako ya dunia kama unayo, mtindo wako, mkono unaotumia, umri, na matokeo dhidi ya wachezaji wanaojulikana.

Zingatia tarehe. Ujerumani, maombi ya kuhamia klabu hufungwa tarehe 31 Mei kwa msimu unaoanza baada ya kiangazi, na dirisha la pili hufungwa tarehe 30 Novemba. Barua inayofika mwezi Julai imechelewa. Mazungumzo yaanze Januari au Februari, wakati klabu zinajua ni nani anaondoka.

Mkataba ukija, usome na mtu anayeielewa lugha yake. Angalia mambo haya: ni nani analipia bima ya afya, malipo yanaendelea au yanakoma ukiumia, ni mechi ngapi umehakikishiwa, unaruhusiwa kuondoka kwa mashindano ya taifa na ya WTT au la, na makazi yanakuwa yako hadi lini msimu ukiisha. Kipengele cha ruhusa ya timu ya taifa kiandikwe waziwazi. Ahadi ya mdomo haina nguvu siku klabu inapopigania kutoshuka daraja na wewe unatakiwa kwenye mashindano ya Afrika. Mtu yeyote anayekuomba pesa ili akutafutie klabu, kabla hujaona barua ya klabu yenyewe, mwache.

Hatua ya tano: kalenda na bajeti

Chora mwaka mzima kwenye karatasi moja. Weka kwanza mashindano yasiyohamishika: ya taifa, ya kanda, ya Afrika, na mechi za ligi. Kisha weka Feeder na Contender katika nafasi zilizobaki, ukizipanga mbili au tatu zinazofuatana katika eneo moja ili tiketi moja ya ndege izae mashindano zaidi ya moja. Afrika yenyewe ina nafasi ambazo hazipaswi kupuuzwa: Lagos na Tunis zimekuwa wenyeji wa Contender, na Durban iliandaa Mashindano ya Dunia mwaka 2023, yakirudi barani kwa mara ya kwanza tangu Cairo mwaka 1939. Mashindano ya bara, pamoja na pointi zake, hutumika pia kugawa nafasi za Mashindano ya Dunia, kwa hiyo uyape uzito hata kama zawadi yake ya fedha ni ndogo.

Katika bajeti, zawadi za fedha usizihesabu kama mapato mpaka uzishike. Singapore Smash ya mwaka 2022, shindano la ngazi ya Grand Smash, iligawa dola milioni mbili, lakini fedha hizo huishia kwa wachache walio juu; katika ngazi za Feeder na Contender anayetoka mapema hapati hata nauli ya kurudi, na nchi mwenyeji inaweza kukata kodi juu yake. Panga gharama kwa makundi matano: ndege, hoteli na chakula, viza, ada za mashindano, na vifaa. Kisha tafuta wafadhili kwa kila kundi kivyake. Duka la mji wako halitalipia mwaka mzima, lakini linaweza kulipia raba za raketi za miezi sita, na ombi dogo lililo wazi hukubaliwa kwa urahisi kuliko ombi kubwa lisilo na hesabu. Ufadhili wa Mshikamano wa Olimpiki, unaotolewa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kupitia kamati za taifa, umesaidia wanamichezo wengi wa nchi zenye uwezo mdogo. Ombi lake hupitia kamati ya Olimpiki ya nchi yako, na wengi hulikosa kwa sababu tu hawakuuliza.

Kuhusu viza, ombi la viza ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, na sheria inataka liwasilishwe angalau siku kumi na tano kabla. Wewe usisubiri hizo siku kumi na tano. Omba barua ya mwaliko mara tu jina lako linapokubaliwa, na kumbuka kuwa viza ya muda mfupi hukupa siku 90 tu ndani ya kila siku 180, hesabu inayowanasa wachezaji wanaopanga mashindano mengi ya Ulaya. Anayesajiliwa na klabu kwa msimu mzima anahitaji viza ya kitaifa ya kukaa muda mrefu. Cheti cha homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti muda wote, hasa kwa safari za Nigeria.

Hatua ya sita: raketi mbili, zote halali

Kanuni zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa kibao iwe mbao asilia, raba upande mmoja iwe nyeusi na mwingine rangi angavu iliyoidhinishwa, na raba yenye sifongo pamoja na gundi isizidi milimita 4. Gundi zenye kemikali zinazovukiza zilipigwa marufuku mwaka 2008. Kwenye mashindano makubwa raketi hupimwa kwa vifaa, na mchezaji anaweza kuipeleka kupimwa kwa hiari kabla ya mechi. Fanya hivyo kila mara, kwa sababu raketi inayokataliwa baada ya mechi inaweza kukunyang'anya ushindi. Bandika raba siku mbili au tatu kabla ya safari, upime unene mwenyewe, na uzihifadhi mbali na joto la gari.

Raketi ya pili iwe sawa na ya kwanza kwa kibao, raba na uzito, na uifanyie mazoezi halisi. Mjini Paris mwaka 2024 Wang Chuqin wa China, aliyekuwa namba moja duniani, alivunjiwa raketi katika msongamano wa wapiga picha baada ya kushinda dhahabu ya wawili mseto, mwanamume na mwanamke, na siku iliyofuata akiwa na raketi ya akiba alitolewa na Truls Möregårdh wa Sweden. Wang mwenyewe hakuilaumu raketi hiyo, lakini hakuna mchezaji anayependa kukutana na jaribu la namna hiyo. Tafuta pia mipira ya aina itakayotumika kwenye shindano, kwa sababu mipira ya plastiki ya kampuni tofauti huruka tofauti.

Hatua ya saba: Olimpiki, na mambo yanayoweza kuzima kila kitu

Mpira wa meza uko Olimpiki tangu Seoul mwaka 1988, na nchi moja huruhusiwa wachezaji wawili tu kwa kila jinsia katika mchezo wa mmoja mmoja. Kanuni hiyo huwafungia wachezaji wengi wazuri wa China, lakini hulifungulia bara letu nafasi kupitia mashindano ya kufuzu ya Afrika. Los Angeles mwaka 2028 mechi za wawili za wanaume na za wanawake zinarudi, na timu mseto inachukua mahali pa timu za wanaume na za wanawake. Nchi yenye mchezaji mmoja mzuri wa kiume na mmoja wa kike sasa ina sababu ya kuwafundisha pamoja tangu leo.

Usimeze dawa ya mafua wala virutubisho vya dukani bila daktari kukagua orodha ya vitu vilivyokatazwa, na kama una ugonjwa unaohitaji dawa iliyokatazwa, omba kibali cha matibabu kabla ya kuitumia. Usiweke dau kwenye mechi yoyote ya mpira wa meza, hata isiyokuhusu, na mtu anayekuuliza kuhusu hali yako au ya mwenzako kabla ya mechi, mripoti. Mechi za ngazi za chini ndizo zinazolengwa zaidi na wapanga matokeo, kwa kuwa wachezaji wake hulipwa kidogo.

Kuhusu urefu wa safari hii, usiharakishwe na umri. Segun Toriola wa Nigeria alicheza Olimpiki yake ya saba mjini Rio akiwa na miaka 41, na Ni Xialian wa Luxembourg alishinda mechi Paris akiwa na miaka 61. Kinachowastaafisha wengi mapema ni bega, mgongo na magoti, kwa hiyo mazoezi ya nguvu mara tatu kwa wiki yaingie kwenye ratiba tangu ujana, na mwanzoni mwa kila msimu ukapimwe na mtaalamu wa viungo kabla maumivu hayajaanza. Wakati huo huo soma kozi ya ukocha ya ITTF ya ngazi ya kwanza. Klabu za Ulaya za madaraja ya chini huwapendelea wachezaji wanaoweza pia kufundisha, na cheti hicho hukaa kwenye barua yako ya maombi msimu ujao pembeni ya matokeo yako.